Chumba na sebule kwa laki 9: gumzo la kikundi cha ukoo

*Jumamosi, saa 1 asubuhi*

Mwana: Shikamooni wote. Kodi ya miezi 6 nimeshalipa, chumba na sebule, Tabata. Imebaki laki 9 ya vitu vya ndani. Nianzie wapi? Mimi nilikuwa nawaza sofa.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu, hongera sana. Sofa liache mwisho. Usiku wa kwanza unataka godoro, chandarua, pazia, ndoo 2 zenye mfuniko na jiko. Mgeni akija atakaa kwenye mkeka na mto, na atakula vizuri tu.

Mjomba Shabani: Hongera mjomba. Kabla hujatoa hata shilingi, chukua futikamba. Nataka vipimo vya chumba, dirisha, mlango na koridoo. Vitu vingi vya ndani vinaharibika bei mlangoni: vimenunuliwa, vimepakiwa, vimefika, haviingii.

Mwana: Chumba ni mita 3 kwa 3.5, dari mita 2.7. Dirisha la alumini 1.5 kwa 1.5. Mlango sijapima. Kuta chini zimechubuka, zinatoa unga mweupe.

Kaka Idi: Anza na ukuta kabla vitu havijaingia, ukishaweka kitanda hutapaka tena. Huo unga mweupe ni chumvi, unyevu unapanda kutoka chini au kuna bomba linavuja upande wa pili. Kagua bafuni kwanza. Kama ni bomba, mwenye nyumba alitengeneze, usipoteze rangi yako.

Kaka Idi: Kama hakuna bomba linalovuja: kwangua mpaka plasta ngumu, sugua kwa brashi kavu (usioshe, maji yanairudisha chumvi ndani), acha madirisha wazi siku kadhaa ikauke. Ndipo upige skimu (lipu laini ya kusawazisha ukuta), msasa namba 120, halafu rangi ya maji. Watu wengi hapo wanapaka rangi ya mafuta wakidhani inazuia unyevu. Inaufungia ndani, na baada ya masika inatoa malengelenge.

Mwana: Galoni moja itatosha?

Kaka Idi: Hapana. Mzunguko wa chumba mita 13, mara 2.7 unapata mraba 35. Toa mlango na dirisha, inabaki 31. Mikono 2 ni 62. Lita 1 inapaka mraba 10 hivi kwa mkono mmoja, kwa hiyo unahitaji lita 6 na kidogo. Chukua galoni 2 za lita 4, zinazobaki zifunge vizuri, utazitaka kuziba alama siku ya kuhama. Na zote 2 zichukue kwa mara moja, namba ya mchanganyiko iwe ileile. Ukirudi dukani wiki ijayo rangi haitafanana.

Shangazi Rehema: Na umuombe mwenye nyumba ruhusa kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Rangi na kutoboa ukuta, vyote.

Mwana: Sawa shangazi. Mjomba, kitanda cha 5 kwa 6, fundi mmoja wa Keko kanitajia laki 4 mninga.

Mjomba Shabani: Usimpe hela bado. Nunua godoro kwanza. Mengine yanayoitwa 5 kwa 6 urefu wake ni inchi 72, mengine 75. Fundi akitengeneza kwa jina, godoro linakunjika pembeni au linaacha pengo miguuni. Lipime mwenyewe, ongeza inchi 1 kwenye upana na inchi 1 kwenye urefu, umpe fundi namba hiyo.

Mjomba Shabani: Ya pili: ukaione mbao kabla ya vanishi. Mninga una moyo wa kahawia unaoelekea wekundu, na ubavuni una sehemu nyeupe ya njano. Moyo ndio unaodumu. Ile nyeupe dumuzi anaila. Fundi asiye mwaminifu anaipaka rangi ya kahawia, msasa, vanishi, na kwa macho huwezi kuitofautisha. Miezi michache baadaye unaona vitundu vidogo kama vya sindano na unga chini ya kitanda. Mwambie wazi: mbavu (mbao ndefu za pembeni mwa kitanda) na miguu moyo mtupu.

Mjomba Shabani: Pia angalia ncha za mbao. Zikiwa na nyufa mpya au mbao ni nzito isivyo kawaida na ina ubaridi mkononi, ni mbichi. Itakauka ndani kwako, maungio yatalegea, kitanda kitalia kila ukigeuka. Maungio yawe ulimi ulioingia kwenye tundu, misumari peke yake haishiki.

Mwana: Laki 4 siifikii nikishanunua godoro la inchi 8 mjomba.

Mjomba Shabani: Basi usilipie mninga pasipoonekana. Chaga, zile mbao zinazobeba godoro, ziwe za paina iliyopakwa dawa ya mbao, zisizo na macho makubwa (alama za matawi) katikati maana hapo ndipo zinapovunjika. Upana wa chaga inchi 3, nafasi kati yake isizidi 2 na nusu. Kwa urefu wa inchi 72 zinakuja chaga 13. Mafundi wengi wanaweka 8 au 9, godoro linazama kwenye nafasi, mgongo unauma, na mtu analilaumu godoro. Weka na boriti ya katikati yenye mguu, futi 5 ni ndefu mno kwa chaga kubeba bila kupinda.

Dada Zuhura: Mjomba, si bora plaiwudi nzima kuliko chaga?

Mjomba Shabani: Kwa joto la Dar hapana. Jasho linashuka, halina pa kutokea, godoro linaota ukungu chini. Kama ni lazima plaiwudi, itobolewe matundu mengi.

Dada Zuhura: Nimeelewa. Mwana, pazia nitakushonea, lete kitambaa tu. Bomba la pazia lipite dirisha sentimita 20 kila upande, kwa hiyo mita 1.9, na likae sentimita 15 juu ya dirisha. Kitambaa mara 2 ya bomba: 3.8, na pindo tuseme mita 4. Pale Kariakoo omba kile chenye upana wa mita 2.8, ule upana unageuka kuwa urefu wa pazia, huungi popote.

Dada Zuhura: Zinatoka pande 2, kila upande macho 12 (matundu ya pete ya kupitisha bomba), yameachana sentimita 16 hivi. Idadi lazima igawanyike kwa 2. Ukiweka 11, ukingo mmoja unaangalia ukutani na mwingine unatoka nje kuelekea chumbani, pazia halitulii hata ulipige pasi vipi. Kama ni pamba, loweka na uanike kabla ya kuniletea, isije ikaruka juu baada ya kufuliwa.

Kaka Idi: Juu ya dirisha kuna linta, yaani boriti ya zege, drili ya kawaida itaungua. Tafuta ya kugonga. Biti ya milimita 8, plagi ya 8, skrubu ya inchi 2, tundu lifike sentimita 5. Puliza vumbi lote litoke, plagi haishiki kwenye vumbi. Mabano 3, la katikati usiliache.

Mwana: Na umeme? Soketi iko moja tu chumbani.

Kaka Idi: Ekstensheni yenye waya mnene, mwisho wake ni ampea 13, yaani wati 3000 hivi. Birika la umeme wati 2000 na pasi 1200 kwa pamoja zimeshazidi. Kimoja kimoja.

Shangazi Rehema: Mtungi wa kilo 6 wenye jiko la juu unakutosha. Ukifunga, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, gesi inavuja. Uweke karibu na mlango, gesi ni nzito kuliko hewa, inakaa chini.

Mwana: Na kabati? Nimeona la MDF zuri.

Mjomba Shabani: Linyanyuliwe sentimita 5 kutoka sakafuni, maji ya kudeki yanalivimbisha chini. Na liachane na ukuta.

*Saa 4 asubuhi*

Mwana: Nimepima mlango. Uwazi sentimita 74. Koridoo mita 1, halafu inakata kona.

Mjomba Shabani: Ubao wa kichwani una futi 5, ukiwa umeungwa na mbavu kitanda hakipiti hiyo kona hata mkisimamisha. Mwambie fundi mbavu zifungwe kwa bolti, 2 kila kona, kije vipande kwenye kirikuu moja na godoro. Na mguu wa katikati uwe wa kuchomoa. Mpigie sasa hivi, kabla hajatia gundi.

Mwana: Nampigia.