Ekografi ya figo kisha mama kutoka damu mingi: sondi ya simu ao mashini ya dopla?

Muuguzi_Katindo (Goma)
Jambo wote. Kwetu materinite tunataka kununua ekografi mwezi huu, ju kuna bamama banatokaka damu mingi kisha kuzala, tunabapa damu, tansio inarudia, alafu siku ya pili mukojo inakauka. Tunataka kufwata damu mwenye inaingia ku figo. Tuchukue sondi ya kuchomeka ku simu ao mashini ya dopla (ile inapima mbio ya damu ndani ya mishipa) ya okazio?

Docta_Kadutu (Bukavu)
Dada, hujasema muko na franga ngapi, nani atashika sondi, na kama kurant iko. Hiyo ya simu iko na dopla pulse, ile inachora mawimbi, ao rangi tu? Mutu akipoteza damu, mwili unafunga mishipa ya figo ili moyo na bongo vipate, na tansio inaweza kurudia figo ingali imefungwa. Hapo moyo ukipumuzika kasi ya damu inashuka sana. Unachukua kasi ya juu, unatosha ya mwisho (moyo ukipumuzika), unagawanya na ile ya juu. Jibu ya kawaida ni kama 0,60, ikipita 0,70 unaanza kuogopa. Bila mawimbi huwezi kuhesabu.

Fundi_Kamalondo (Lubumbashi)
Mi nasema ya simu. Kurant ikienda unaendelea, na okazio banakuuzisha mashini yenye dopla imefungwa na kodi (namba ya siri), unalipa mara mbili.

Mkunga_Ibanda (Bukavu)
Niwaeleze kilitupata. Mama wa mutoto wa ine, alitoka damu mpaka shuka mbili zikalowana, tukamupa mifuko tatu, tansio ikarudia 11 kwa 7, docta akaleta sondi ya simu, akaweka rangi, tukaona nyekundu na buluu ndani ya figo, akasema damu inapita, wote tukashukuru Mungu na hakuna mwenye aliangalia mufuko wa mukojo mpaka asubuyi. Mililita 40 usiku muzima! Yeye kilo 60, alipashwa kutoa hata 30 kila saa. Kreatinini (uchafu wa damu wenye figo inachujaka) ya kwanza ilikuwa bado muzuri, siku ya pili njo ilipanda. Akaenda dialize (mashini ya kuchuja damu), wiki tatu mbali na mutoto. Alipona, lakini ile rangi siiamini tena.

Fundi_Kamalondo (Lubumbashi)
Pole mama. Lakini sondi haikukosa, ni vile walisoma.

Mkunga_Ibanda (Bukavu)
Njo nasema basi, kama hamuna mutu wa kusoma, mununue mifuko ya mukojo yenye mistari na saa ya ukuta.

Docta_Kadutu (Bukavu)
Vyote viwili. Na hiyo 0,70 musiishike kama sheria, kwa muzee ao mutu wa tansio ya juu inapandaka bila damu kutoka. Pima leo, pima tena kisha saa kadhaa, angalia inaenda wapi. Na kama alipasuliwa, angalia kama figo imevimba, labda muriji (njia ya mukojo toka figo) umefungwa na uzi. Hiyo hata sondi ya bei chini inaonyesha.

Ekografisti_Himbi (Goma)
Kuna pia viputo vya gazi vya kuingiza ku mushipa, vinaonyesha damu mpaka ku mishipa midogo kabisa, na vinatoka kwa mapafu, haviumizi figo. Lakini inaomba mashini ya kipekee. Na dada, usinunue kama haujaona mawimbi na macho yako, ku figo ya mutu muzima.

Muuguzi_Katindo (Goma)
Aksanti sana. Franga ni dola 3.000, docta ni mumoja, hajasomea dopla. Kurant inaenda karibu kila magaribi, tuko na paneli mbili za jua.

Fundi_Kamalondo (Lubumbashi)
Paneli za wati ngapi? Na batri? Mashini ya okazio itazikausha.

Ekografisti_Himbi (Goma)
Docta aje kwetu Jumamosi ashike sondi kwanza. Na jel munanunuaka wapi? Hapa bei imepanda.