Kompyuta ya sebuleni isiyo na kelele na isiyokula uniti: ninunue ipi, nikague nini?

Sebuleni_Tabata
Wakuu, habari zenu. Natafuta kompyuta ya kukaa sebuleni ikiwa imewashwa usiku na mchana: itunze picha na nyaraka za familia, watoto wafanyie kazi za shule, jioni tutazame video. Deskitopu iliyopo inavuta wati 58 hata ikiwa haifanyi kitu. Hizo ni karibu uniti 42 kwa mwezi, na sisi tuko D1 (daraja la umeme la wenye matumizi madogo), mwisho wetu uniti 75. Feni yake nayo inasikika hadi chumbani. Nachagua kati ya vile vikompyuta vidogo vya mtumba vya maofisini na vipya vyenye N100 (prosesa ya Intel inayokula umeme kidogo). Naomba mwongozo kabla sijaenda Kariakoo.

FundiSpiria
Mkuu, kwa kazi ulizotaja chukua kidogo cha ofisini: Lenovo Tiny, HP Mini au Dell Micro. Ikitulia, mashine ya aina hiyo hucheza wati 8 hadi 12. Piga 12 kwa saa 24 kwa siku 30, unapata uniti 8.6.

Jambo la kwanza ni herufi iliyo mwishoni mwa jina la prosesa. i5-7500T ni ya wati 35. I5-7500 bila T ni ya wati 65, na ndani ya kasha dogo feni yake italia kila kazi ikizidi. Usikubali kuambiwa "ni ile ile". Kizazi nacho kina maana (ni tarakimu ya kwanza baada ya i5-; i5-7500T ni cha 7). Cha 6 hukwama kwenye video za HEVC (njia mojawapo ya kubana video) za biti 10, na kazi hiyo ikiangukia prosesa, joto na kelele vinapanda. Cha 7 kinazifungua bila jasho. Ukitaka Windows 11 rasmi, anzia cha 8, mfano i5-8500T, kwa sababu Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida Oktoba 2025. Ukiridhika na Linux Mint, cha 7 kinatosha kabisa.

Dukani, kabla ya kutoa hela, iwashe na uingie BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine): F1 kwa Lenovo, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Ikiomba nywila, iache hapo hapo hata bei ikishuka nusu. Kisha angalia chaja. Dell isipoitambua chaja hutoa onyo na kupunguza kasi ya prosesa, halafu mteja anadhani mashine imechoka. Chaja iwe ya wati 65 na ya kampuni husika. Chaja ya "inaingia tu" ndiyo chanzo cha matatizo mengi. SSD (diski ya kuhifadhia) ipime kwa programu ya CrystalDiskInfo uone afya na saa ilizotumika. Ukinunua SSD mpya kwa bei ya kutupa, ijaze kwa programu ya H2testw kwanza, maana zipo zinazojitangaza 1TB na ndani hazifiki hata robo.

RAM ni DDR4 ya laptop. Weka 8GB mbili, si 16GB moja, kwa kuwa picha za kwenye skrini zinategemea RAM hiyo hiyo.

Ukifika nyumbani, fungua upulize vumbi huku umeizuia feni kwa kijiti isizunguke. Futa pesti ya zamani ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Mara nyingi kelele ya mtumba huishia hapo.

BetriNaJua
Nakubaliana na Fundi kwa mwenye umeme wa kawaida. Ila kama umeme unakatika sana na una betri, N100 inashinda. Nyingi hutumia volti 12, kwa hiyo huhitaji inveta, ambayo yenyewe hula wati kadhaa hata ikiwa haibebi kitu. Usiunganishe betri moja kwa moja: inapochajiwa hupanda hadi volti 14.4. Weka kati kidhibiti kinachopandisha na kushusha, kitoe volti 12 thabiti, amperi 5, na fyuzi karibu na betri.

Hesabu yake: betri ya risasi ya volti 12, 100Ah, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, ni wati-saa 600. Kompyuta 10, rauta 8, skrini 20, jumla wati 38. Ni saa 15 na ushee.

Ubaya wa N100 za bei nafuu ni feni yake ndogo, hutoa mlio mwembamba unaokera kuliko mvumo wa Lenovo Tiny. Kama BIOS inaruhusu, shusha PL1 (kikomo cha wati za prosesa) hadi wati 8. Na Windows iliyokuja nayo ifute, uweke yako.

Sebuleni_Tabata
Ahsanteni sana wakuu. Naelekea kwenye Tiny ya kizazi cha 8. Skrini yangu ina HDMI tu, na mashine nyingi naona zina tundu la DisplayPort na hazina Wi-Fi. Pia nitajuaje inavuta wati ngapi bila kununua kipimo?

FundiSpiria
Waya wa DisplayPort kwenda HDMI unatosha, lakini ni wa upande mmoja: kichwa cha DisplayPort kikae kwenye kompyuta. Kwa Wi-Fi nunua kadi ya Intel AX200 na antena mbili. Usipewe AX201 ukaambiwa zinafanana. Hiyo inahitaji ubao unaokubali CNVi (mfumo wa Intel ambao sehemu ya Wi-Fi imo kwenye chipu kuu), na usipokubali haitaonekana kabisa.

Kupima, zima kila kitu nyumbani, friji pia, ibaki kompyuta peke yake. Soma kwenye mita imeandikwa imp/kWh ngapi, yaani taa humweka mara ngapi kwa uniti moja. Ikiwa ni 1000, kila taa ikimweka mara moja ni wati-saa 1. Ikimweka kila dakika 6, unavuta wati 10. Ikimweka kila dakika 3, ni 20: hapo tafuta programu inayoisumbua prosesa.

Mwisho, kwenye BIOS tafuta After Power Loss, weka Power On, umeme ukirudi ijiwashe yenyewe. Saa ya kompyuta ikirudi nyuma kila umeme ukikatika, badilisha betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao, la sivyo tovuti nyingi zitakataa kufunguka.