Mnaomsubiri King: wewe ulisubirije? Tupeane uzoefu

TurubaiLaPosta (Dar)

Wakuu, salaam. Najua humu wapo wagonjwa wenzangu wa Stephen King, yule Mmarekani wa hadithi za kutisha, kwa hiyo sizunguki. Kitabu chake cha tatu chenye mhusika Jack Sawyer kimetangazwa, *Other Worlds Than These*, Oktoba 2026. Cha kwanza, *The Talisman*, kilitoka 1984. Cha pili, *Black House*, 2001. Aliyezaliwa mwaka kilipotoka cha kwanza sasa anang'oa mvi.

Naomba tupeane uzoefu, ila si ule wa "nilikipenda sana". Nataka kujua ulisubirije. Ulikipata kwa nani, kwa shilingi ngapi, ulikaa muda gani bila kujua kinaishaje. Na msituharibie uhondo, kuna watu bado wako njiani.

Naanza mimi. 2006, niko chuo, napita Posta kwa wale wanaopanga vitabu juu ya turubai. Naona *Black House*, kinene kama tofali, jalada limeliwa pembe. Jamaa anataka elfu tano, tukashindana mpaka elfu tatu na mia tano. Nimekisoma wiki nzima, umeme ukikatika nahamia kwenye mshumaa. Kila baada ya kurasa chache huyu Jack, ambaye humo ni mpelelezi mstaafu, anaguswa na mambo ya utotoni ambayo mimi sijasimuliwa. Nikajua ndio ufundi wenyewe, mwandishi anatuficha makusudi. Nikamsifu sana! Nikamhadithia hadi mwenzangu wa chumbani, nikamwambia huyu mtu ana akili, hakuelezi kitu. Nimemaliza ndipo nasoma maelezo ya nyuma vizuri: kumbe hiki ni cha pili.

Tangu siku hiyo natafuta cha kwanza. Miaka ishirini. Najua kwa kusikia tu kwamba Jack ana miaka 12, anavuka Marekani kumtafutia dawa mama yake mwenye saratani, na kwamba kuna dunia nyingine pembeni ya hii. Kukishika mkononi bado.

Kipepe

PDF mbona ipo mkuu

TurubaiLaPosta

Najua ipo. Sitaki.

KaratasiNjano (Nairobi)

Wah. Kwa wasiojua, sisi huku tuna inama bookshop: vitabu vya mitumba vimepangwa kando ya barabara, usipoinama huoni kichwa. Mzee niliyekuwa nanunua kwake alikuwa na utaratibu wake. Unarudisha ulichomaliza, unaongeza hamsini, unachukua kingine. Na alikuwa na daftari la wanaosubiri. Kwa *The Waste Lands*, kile cha tatu cha mfululizo wa King wa Dark Tower, nilikuwa namba nne. Namba moja daktari, mbili makanga wa matatu, tatu aliandikwa tu "wa benki".

Hatukuwahi kuonana hata siku moja, lakini makanga nilimjua. Alikuwa anapiga mstari kwa kalamu chini ya kila neno asilolielewa. Kurasa za mwanzo zimejaa mistari kama daftari la hesabu. Ukifika katikati inapungua. Kurasa za mwisho, hakuna hata mmoja. Sijui kama alikuwa ameyajua maneno yote au alikuwa anakimbia tu ajue kinachofuata. Mimi mwenyewe nilikuwa nakimbia.

Sasa kile kitabu kinaachia watu vibaya. Siharibu uhondo nikisema kinakatika watu wakiwa ndani ya treni yenye wazimu, wanashindana nayo kwa vitendawili, na ukishindwa unakufa. Kilitoka 1991. Kinachofuata kikatoka 1997! Wamarekani walingoja miaka sita. Mimi nilikisoma 2009, vyote saba vishatoka, na bado nikangoja mwaka na nusu, kwa sababu wa benki alipata uhamisho akaenda na *Wizard and Glass*. Hakurudisha. Popote alipo, siku moja tutaonana.

Barazani (Maskati)

Mie niko Maskati sasa, lakini haya ni ya Unguja. Mwaka 1996 King alitoa *The Green Mile* vipande vipande: vijitabu sita vyembamba, kimoja kila mwezi, Machi mpaka Agosti. Kama hadithi za magazeti yetu tu, "itaendelea wiki ijayo". Ami yangu alikuwa London, akawa anampa kila ajaye. Kikafika cha kwanza. Kikafika cha pili. Kisha kikafika cha nne.

Cha tatu kilisahaulika kwenye sanduku la mtu aliyeteremkia Mombasa. Basi nikakitia cha nne kabatini, nikafunga, ufunguo nikampa mama, nikamwambia usinipe hata nikikupigia magoti. Bibi akasikia. "Kitabu gani hicho cha kufungiwa kwa ufunguo, kina shetani?" Na hakuwa akifanya mzaha, maana mwaka uliotangulia, 1995, ndio ule wa Popobawa, shetani aliyesemwa anavamia watu usiku, watu wakilala nje familia nzima kwa khofu. Bibi alitaka kabati lisomewe. Na likasomewa.

Cha tatu kilinifikia Januari 1997, ndani ya Ramadhani. Nimekimaliza baina ya futari na daku, nikaenda kumwamsha mama anipe ufunguo. Akanambia, "Subiri kuche." Ile saa moja ndiyo ndefu kuliko miezi yote iliyotangulia.

Kipepe

Ha ha ha kabati limesomewa

ZamuYaUsiku (Minnesota)

Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kulea wazee. Marekani vitabu vipya huingia dukani Jumanne, kwa hiyo mimi Jumanne huwa siombi zamu ya ziada. Septemba 2022 nilishaagiza *Fairy Tale*, kinatoka tarehe 6. Tarehe 4 akafariki Peter Straub.

Kwa wasiomjua, *The Talisman* na *Black House* si vya King peke yake, waliandika wawili. Cha kwanza walitumiana sura kwa njia ya simu, kompyuta kwa kompyuta, miaka ambayo wengi wetu hata simu ya mezani hatuna. Kwa hiyo niliposikia msiba, nikasema basi, cha tatu kimeenda naye. Wala *Fairy Tale* sikukifungua wiki ile.

Baadaye King akaja kusema kwamba Straub, kabla ya kufa, alimwandikia barua ndefu yenye wazo la kitabu cha tatu. Nilikuwa kwenye maegesho nasoma hiyo habari, nikachelewa kuingia kazini dakika kumi na tano. Msimamizi akauliza kulikoni, nikasema tairi.

Kuna bibi mmoja tunayemhudumia, ana miaka 80 na kitu. Alinikuta na kitabu akaniambia cha kwanza alikisoma akiwa na mimba ya kitinda mimba wake. Sasa kila zamu ananiuliza zimebaki wiki ngapi. Namhesabia. Sina la zaidi.

KaratasiNjano (Nairobi)

@ZamuYaUsiku pole na hongera kwa kazi. Umenikumbusha kitu King alichowahi kukiandika. Zile zama Dark Tower haijaisha, alipata barua ya mama mmoja mgonjwa wa saratani, anamwomba amwambie tu mnara unaishaje, hatamwambia mtu. Na nyingine ya mfungwa aliyehukumiwa kifo, ombi hilohilo. King anasema angewaambia wote wawili. Tatizo hata yeye alikuwa hajui.

Halafu Juni 1999 akagongwa na gari akitembea kando ya barabara kule Maine, nusura afe. Vitatu vya mwisho vikaja 2003 na 2004, mfululizo. Mimi naamini ile gari ilimtisha kuliko barua zetu zote.

Lushois

Sisi wa Lubumbashi tunangoja mara mbili. Ninyi mnangoja King aandike, sisi tunangoja tena atafsiriwe Kifaransa. *It* kilitoka 1986, *Ça* tukaipata 1988. *Black House* kwetu inaitwa *Territoires*, ndiyo maana mwanzo sikuelewa munaongelea kitabu gani. Kwa hiyo Oktoba yenu si Oktoba yetu. Mutuachie na siye kitu cha kushangaa.

SehemuYa23 (Mwanza)

Ninyi mnamngoja Mmarekani, mimi nimemngoja Mtanzania mwenzangu.

2019 kulikuwa na jamaa Facebook, simtaji, anaandika hadithi ya jini kwenye hosteli ya wasichana. Kila siku saa 2 usiku, sehemu moja. Wakuu, jamaa alikuwa anajua kutisha. Nilikuwa siendi chooni bila kuwasha tochi ya simu, na choo kimo ndani! Sehemu ya 23, binti anasikia mtu anaoga, anasukuma mlango wa bafu, anaona… ITAENDELEA. Kupata mwendelezo lipia 1,500 uunganishwe kundi la WhatsApp.

Nikalipa. Tulikuwa watu kama 180. Ikaja sehemu ya 24, ikaja ya 25, bado binti amesimama mlangoni. Kisha "samahani wapendwa simu imeingia maji". Wiki mbili. "Nauguliwa." Mwezi. Asubuhi moja tunaamka tunaona jamaa ameondoka kundini. Kundi lake mwenyewe!

Matusi yalipoisha, dada mmoja fundi cherehani wa Geita akasema kwa unyonge, "Mimi nimejaribu kuandika ya 26, msinicheke." Akaituma. Kundi lote kimya, halafu watu wakaanza kutuma vilio. Ilikuwa kali kuliko za mwenyewe. Baada ya hapo tukawekeana zamu. Kundi lipo mpaka leo, tuko sehemu ya 140 na ushee. Binti ametoka bafuni, ameolewa, jini amekuwa shemeji yake na anamsumbua kwenye mirathi. Zamu yangu ni Alhamisi na sijui nimpeleke wapi.

Barazani (Maskati)

Niunganishe huko ndugu yangu. 1,500 natoa.

SehemuYa23 (Mwanza)

Siku hizi bure. Ila ukiingia unaandika.

KaratasiNjano (Nairobi)

@TurubaiLaPosta kaka, nimeinuka kuangalia kabatini. *The Talisman* ninayo, nakala mbili. Moja nakutumia na basi la Dar, utalipia nauli ya mzigo tu. Nikuambie ukweli lakini, kurasa kama kumi za katikati zimemwagikiwa chai.

TurubaiLaPosta (Dar)

Dada, zinasomeka?

KaratasiNjano (Nairobi)

Zinasomeka ukizishika juani. Na kuna mtu amepiga mistari chini ya maneno.