Laki mbili na nusu kwa ukucha mmoja: serikali iziwekee kliniki binafsi bei, au iziache?

Mchuuzi wa Owino

Kila nikilisema sokoni nachekwa, ati mtu mzima nalalamikia kidole. Basi nalileta kwenu.

Kijana anayenibebea marobota ya mitumba alizamwa na ukucha wa kidole gumba cha mguu, ukaingia nyamani. Kidole kikavimba, kikatunga usaha, hata ndala ikawa taabu. Kituo cha afya cha serikali kilimpa Panadol, na vidonge vya kuua vijidudu akaandikiwa akanunue nje, maana havikuwepo. Nikampeleka kliniki moja ya binafsi. Kazi ilichukua kama nusu saa: sindano ya ganzi, mpira wa kubana damu, ubavu wa ukucha ukakatwa, bandeji. Bili shilingi 250,000 za Uganda.

Niliisoma mstari kwa mstari. Kufungua faili. Kumwona daktari. "Chumba cha upasuaji", ambacho ni chumba kile kile alichomwonea daktari, kitanda kile kile, shuka ile ile ya plastiki. Ganzi mbali, bandeji mbali, dawa mbali. Na kila akirudi kusafishwa kidonda, 20,000 nyingine. Bei yenyewe tuliisikia mtoto wa watu ameshachomwa ganzi, kidole kimekufa, hawezi hata kuinuka aende zake.

Sisemi watibu bure. Nasema mambo madogo ya miguu, yaani ukucha, sugu, fangasi za vidole, magaga yaliyopasuka hadi damu, yawe na bei inayobandikwa ukutani, na wizara iweke kikomo juu yake. Mnasemaje?

Boda wa Katwe

Mzee, ulipotea njia. Vijana wa beseni na rangi za kucha wanapita hapo hapo sokoni kwenu. Elfu tano, anakuosha miguu, anakuchokolea ukucha, unaondoka umependeza.

Nesi wa Ntinda

Boda, kiwembe anachokuchokolea nacho kimetoka kwa nani? Na baada yako kinaenda kwa nani? Amekichovya kwenye maji ya sabuni yale yale ya beseni. Tumepokea vidole vilivyotoka huko vimekuwa vyeusi.

Mzee wa Owino, nafanya kazi kliniki ya binafsi, kwa hiyo nipigeni mawe nikimaliza. Chupa ya ganzi ni rahisi kweli, sibishi. Ila hulipii chupa. Unalipia pango la Kampala ambalo mwenye nyumba analipandisha apendavyo, umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla, na jenereta ukikatika, leseni ya kila mwaka, mashine ya mvuke ya kutakasa vyombo, gari la kuchukua takataka zenye damu, na mshahara wa mtu anayejua kwamba dawa ya kuchoma shina la ukucha ili usiote tena ikimwagika pembeni inaunguza nyama. Ukucha wa namna hiyo sisi tunaupata mara chache. Vyombo vinakaa, gharama zinatembea.

Mkiweka kikomo cha elfu hamsini, mimi najua bosi wangu atafanya nini. Atasema hiyo huduma hatuna, nenda Mulago. Na Mulago ni hospitali ya rufaa ya taifa, haikujengwa kwa ajili ya kucha.

Hilo la kutaja bei baada ya sindano silitetei. Ni uhuni.

Mchuuzi wa Owino

Dada nesi, pango hata mimi nalipa, na la Owino halichekeshi. Lakini mteja akishika suruali namtajia bei kabla hajaivaa. Mbona nyinyi hamuwezi?

Mama wa Bugerere

Nimesoma hilo neno "madogo" nikashtuka. Nani kasema ni madogo? Mume wangu ana sukari. Mguu wake ulikuwa umeshakufa ganzi wenyewe, akatembea na msumari ndani ya gambuti kutwa nzima shambani bila kujua. Kidonda kilianza kama mbegu ya ufuta. Leo vidole viwili hana.

Huyo kijana wako, mzee, kabla hawajamkata walimpima sukari? Uliza. Kama kwenye 250,000 hamna kipimo cha sukari cha kutoboa kidole, ambacho ni dakika moja, basi hapo ndipo mngeanzia kupigia kelele. Mimi sikatai mtu alipwe. Nakataa alipwe kwa shuka ya plastiki, halafu kile ambacho kingeokoa mguu hakimo kwenye orodha.

Mchuuzi wa Owino

Mama, nimemuuliza sasa hivi. Hawakumpima.

Mwalimu wa Jinja

Watu wa Kampala mnagombania bili ya kliniki, sisi huku Busoga tunalijua tatizo la miguu kwa sura nyingine. Mwaka 2010 funza walishambulia vijiji vya huku hadi ikatangazwa watu wamekufa. Funza! Kidudu cha vumbini ambacho mtu wa mjini anakiona ni aibu ya maskini. Mtoto anatolewa funza kwa pini ya nguo au mwiba, na pini hiyo hiyo inazunguka ndugu wote, hapo pepopunda na maradhi mengine yanapiga hodi. Haendi kwenye kliniki yoyote yenye bei, imebandikwa au haikubandikwa.

Kamwenge nako, watu walivimba miguu miaka na miaka, wengine wakisema wamerogwa. Mwaka 2015 wachunguzi walikuta si matende ya mbu. Ni udongo wa volkano unaopenya kwenye ngozi ya mtu anayelima peku. Tiba yake kubwa ni maji, sabuni na viatu.

Hoja yangu: ada za vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, vizuri sana, lakini kufuta ada bila kuweka vifaa ni kumfungulia mtu mlango wa ghala tupu. Kutoa ukucha si kazi ya chumba kikubwa cha upasuaji. Kituo cha ngazi ya tatu, kile cha tarafa ndogo, kikiwa na ganzi, glavu, mkasi mzuri na mtu aliyefundishwa, kinaumaliza asubuhi. Marhamu ya Whitfield ya fangasi ni dawa ya zamani na ya bei ya chini. Hivyo vikiwepo, kliniki binafsi itashusha bei bila kuambiwa na waziri.

Nesi wa Ntinda

Mwalimu hapo nakupigia makofi. Ushindani ndio kikomo.

Mkimbizi wa Nakivale

Bandugu, siye huku kambini tunatibiwa bure, lakini mstari unaanza kungali giza. Mwenye kukuwa na mguu muzito anafika wa mwisho, kwa sababu anatembea polepole. Akifika wanasema rudi kesho. Na kesho yake tena anafika wa mwisho. Hiyo bure iko na bei yake.

Boda wa Katwe

Sasa hiyo ndiyo sababu watu wanaenda kwa vijana wa beseni. Mimi nikikaa foleni kutwa, pikipiki ya mkopo hainiulizi mguu unaendeleaje.

Afande mstaafu, Bombo

Nimewasikiliza wote. Tuongee sheria kidogo, maana mnaiomba serikali kitu ambacho tayari imewahi kuombwa kikubwa zaidi. Mwaka 2021, wimbi la pili la korona, hospitali binafsi zilikuwa zinatoza mamilioni kwa siku moja ya kitanda cha wagonjwa mahututi. Watu walikwenda Mahakama Kuu kudai bei zidhibitiwe. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa, rais hakuutia saini. Kama watu waliokuwa wanakata pumzi hawakupata orodha ya bei ya kudumu, nyinyi na kucha zenu mtaipata?

Na tuseme mmeipata. Nani atazunguka Kisenyi, Kawempe na Bwaise kukagua? Wakaguzi wakitoka, habari hufika kabla ya gari lao, vyumba vya uani vinafungwa, wakiondoka vinafunguliwa.

Ninachokubali ni karatasi ya ukutani. Hiyo haihitaji muswada. Leseni inahuishwa kila mwaka, basi baraza linalotoa leseni liweke sharti moja: hakuna bei ukutani, hakuna leseni. Mgonjwa mwenyewe ndiye mkaguzi, anaisoma akiwa bado amevaa kiatu.

Nesi wa Ntinda

Hilo linatekelezeka, afande. Lakini ukucha na ukucha si sawa. Mmoja unakata kipande, mwingine una usaha hadi mfupani, mtu ana sukari, inabidi kumpeleka mbele. Tutaandika "kuanzia 60,000".

Mchuuzi wa Owino

Hapo kwenye "kuanzia" ndipo mnapotupigia, dada. Kuanzia 60,000 na kuishia wapi? Ziandikwe mbili: ukucha bila usaha, ukucha wenye usaha, kila moja na bei yake kamili, kumwona daktari, ganzi, bandeji na kusafisha kidonda mara ya kwanza vikiwa ndani. Kipimo cha sukari cha yule mama nacho kiwe ndani, si pembeni. Daktari akikuta mambo makubwa zaidi, aweke sindano chini aje atuambie bei mpya, tuamue.

Afande, kikomo cha wizara sijakiacha, nitaendelea kukidai hata mkinicheka. Ila kama hiyo barua ya sharti la leseni unajua kuiandika kwa Kiingereza chao, iandike, sisi wa mtaa wa mitumba tutatia sahihi.

Afande mstaafu, Bombo

Nitaiandika. Nesi naye atie sahihi.

Nesi wa Ntinda

Bila jina la kliniki, natia.