Tuwaulizeje wasomaji ili tuboreshe mpangilio wa kijarida cha nyumba cha mtaa?

Mpanga_Kurasa, Tabata

Wakuu, habari za leo. Tunatoa kijarida cha mambo ya nyumba kila mwezi hapa mtaani: karatasi moja ya A3 iliyokunjwa katikati, yaani kurasa 4 za A4, nakala 300 za kopi. Ndani kuna ratiba ya gari la taka, taarifa za mgao wa maji, bei za vifaa vya ujenzi, vyumba vya kupanga na makala moja ya ukarabati. PDF ileile inakwenda kwenye kundi la WhatsApp la mtaa.

Tumeuliza kundini "mpangilio mnauonaje?" na majibu ni "hongereni", "kizuri sana", na vidole gumba. Papo hapo watu bado wanauliza gari la taka linapita lini, na ratiba ipo ukurasa wa 3. Tunataka maoni yatakayotuonyesha cha kubadilisha. Tuulize nini, tumuulize nani, na watu wangapi wanatosha?

Fundi_Safu

Mkuu, maoni umeshapewa. Anayeuliza jambo lililokwisha kuchapishwa anakuonyesha mahali mpangilio ulipomwangusha. Anza na daftari: kila swali la kundini ambalo jibu lake limo kwenye toleo, andika swali, ukurasa na tarehe. Matoleo mawili yakipita utaona ni ukurasa gani unaoficha mambo.

Pili, achana na "mnauonaje". Swali hilo linamweka jirani mahali pa kukusifu, na hatakwambia usoni kwamba kazi yako haisomeki. Mpe kitu cha kutafuta. Chukua toleo ambalo hajaliona, limekunjwa kama linavyomfikia, usimfungulie. Kisha mwulize: gari la taka linapita kwenu siku gani? Mfuko wa simenti unauzwaje? Chumba cha bei ya chini kabisa kiko wapi? Ukitaka kutangaza chumba, unampigia nani? Maswali manne yanatosha, dakika kumi mmemaliza.

Hesabu sekunde tangu anaposhika karatasi. Andika alianzia ukurasa gani na alipita wapi bila kuona. Weka kiwango chako kabla ya kuanza, mfano sekunde 20 kwa ratiba, ili baadaye usijihurumie. Halafu nyamaza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, mkono unakwenda wenyewe kuonyesha. Akikuuliza "ni hapa?", mrudishie: "wewe ungeangalia wapi?" Anapogusa ndipo anapotarajia kukuta kitu hicho, na jibu hilo lina thamani kuliko sifa zote za kundini.

Kuhusu idadi, mwaka 2000 Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia programu, aliandika kwamba watu 5 wanaonyesha takriban asilimia 85 ya kasoro. Hesabu yenyewe aliifanya na mtafiti mwenzake Thomas Landauer mwaka 1993, kwa kuchukulia kwamba mtu mmoja hukutana na wastani wa asilimia 31 ya kasoro zilizopo. Walikuwa wanapima programu za kompyuta, na hesabu inasimama kwa watu wanaotumia kitu kwa namna moja. Wewe una wasomaji wa karatasi na wasomaji wa simu, kwa hiyo watano na watano. Rekebisha, kisha tafuta watano wengine. Ukiwapima 20 kwa mpigo utasikia kasoro zilezile zikirudiwa, na hutabaki na mtu mpya wa kukupimia marekebisho.

Herufi_Kubwa

Nakazia hapo kwenye simu. A4 ina upana wa milimita 210, na kioo cha simu nyingi ni kama milimita 70. Ukurasa mzima ukiingia kiooni, kila kitu kinabaki theluthi moja: herufi ya pointi 11 (pointi ndicho kipimo cha ukubwa wa herufi) inaonekana chini ya pointi 4. Msomaji anakuza, na safu zikiwa mbili anashuka mpaka chini, anarudi juu, anasukuma pembeni kutafuta safu ya pili. Hapo wengi wanafunga faili.

Kwa hiyo mtu akisema "maandishi madogo", mwulize kwanza ameyasomea wapi. Ukiongeza fonti ya karatasi kutoka 11 hadi 12 kwa lalamiko la simu, unapoteza nafasi na kwenye simu inakuwa pointi 4 tu. Tengeneza faili ya pili: ukurasa wa milimita 105 kwa 187, safu moja, maandishi pointi 16. Kwenye kioo kilekile yataonekana karibu pointi 11. Ratiba ya taka itume pia kama picha peke yake, kwa sababu mwenye bando dogo hafungui PDF.

Kwenye karatasi, kama mna safu tatu, punguzeni ziwe mbili. Safu tatu za A4 kwa pointi 11 zinabakiza herufi kama 30 kwa mstari, na Kiswahili chetu kina maneno kama "yatakayotengenezwa", herufi 18. Mkinyoosha kingo zote mbili, yanatokea matundu katikati ya mistari. Programu nyingi hazijui kukata neno la Kiswahili, zinakata popote. Pangeni kushoto tu, na mkilazimika kukata, kateni baada ya irabu: yatakayo-tengenezwa.

Na jaribuni kwa kopi zilezile za stesheneri, si nakala mama. Kivuli cha kijivu nyuma ya jedwali kinapendeza kwenye kompyuta, lakini mashine ya kopi inakigeuza madoa juu ya tarakimu.

Dada_wa_Segerea

Samahani, naongeza upande wa watu. Jiulizeni ni nani hasa anayehitaji kila taarifa. Anayetoa taka asubuhi katika nyumba nyingi ni dada wa kazi au mpangaji wa chumba cha uani, na huenda hata kundini hayumo. Mkipima ratiba kwa baba mwenye nyumba mnampima mtu asiyeitumia. Yeye mpeni makala ya ukarabati na bei.

Nendeni saa kumi na moja jioni, kwenye genge na duka la Mangi, watu wakiwa wametulia kidogo. Wawili au watatu wapimeni usiku chini ya taa ya ndani, maana ndipo karatasi nyingi zinaposomwa. Kuanzia miaka 40 hivi jicho linapata tabu na vitu vya karibu, kwa hiyo chini ya pointi 12 msishuke kwenye majedwali.

Kura ya WhatsApp itumieni kuchagua kati ya picha mbili tu, ukurasa A na ukurasa B. Kundini kila mtu anaona nani kachagua nini, na mwenyekiti akishapiga, wengine wanamfuata. Majina na namba za simu msikusanye. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu 1 Mei 2023, na hapa hamhitaji zaidi ya "mpangaji, miaka 20 na kitu, anasomea simu".

Mpanga_Kurasa, Tabata

Asanteni sana. Vipi kipande cha kukata chenye maswali, watu wakirudishe dukani? Na tukishajua kasoro, tubadilishe zote kwa mara moja?

Fundi_Safu

Kipande kiweke kona ya chini ya ukurasa wa 4, upande wa nje, maswali mawili yasiyozidi. Angalia mgongo wake kwanza: nyuma ya ukurasa wa 4 ni wa 3, na ratiba ikibaki huko utakuwa unawaambia watu waikate. Usiahidi vocha kwa anayerudisha, maana sifa zitarudi zilezile.

Badilisha kitu kimoja au viwili kwa toleo, la sivyo hutajua kipi kimesaidia. Anza na ratiba. Iweke nusu ya juu ya ukurasa wa 4, unaoonekana bila kufungua na unaweza kubandikwa ukutani, kisha linganisha sekunde na zile za ukurasa wa 3. Ikishinda, isihame tena. Kwenye ukurasa wa 1 andika mstari mmoja: "Mlituonyesha kwamba ratiba haionekani, sasa iko ukurasa wa mwisho, juu." Halafu hesabu tena yale maswali kwenye daftari.