Programu ya stoo ya zamani kwenye Windows 11: setingi, VirtualBox au nibaki na kompyuta ya zamani?

muuza_spea
Wakuu habari za jioni. Duka letu la spea Gerezani linatumia programu ya stoo ya tangu enzi za Windows XP, bei na madeni ya wateja yote yamo humo. Kompyuta ya zamani inazima zima ovyo, tumechukua mpya ina Windows 11. Programu inafunguka, ila maandishi madogo mno mzee hasomi, na nikisevu mauzo dogo akiingia kwa akaunti yake hayaoni. Nifanyeje?

fundi_kkoo
Anza na setingi mkuu, haina gharama. Hayo mauzo hayajapotea. Programu za XP zilizoea kuandika data humo humo Program Files, kuanzia Vista Windows ikazizuia ikawa inapeleka data pembeni kwenye folda inaitwa VirtualStore, ndani ya AppData\Local, na kila akaunti ina yake, ndo maana dogo haoni kitu. Hamishia programu yote kwenye folda mpya C:\Stoo na hilo tatizo litaisha. Maandishi sasa: raiti kliki kwenye ikoni, Properties, Compatibility, "Change high DPI settings", weka tiki kwenye override uchague System, Windows yenyewe itayakuza.

dada_wa_hesabu
Kabla ya yote kopi data kwenye flashi, za VirtualStore ya kila akaunti, maana kila mmoja ana mauzo yake humo, ukibandika moja juu ya nyingine umefuta madeni ya watu.

kigogo_pc
Mimi ningeenda VirtualBox, programu inayokuwezesha kuendesha Windows nyingine ndani ya hiyo hiyo kompyuta. XP ndani yake inatosheka na ram ya mb 512, na mashine nzima inakaa kwenye folda moja, unakopi eksteno unalala usingizi. Ila washa virtualization kwenye BIOS (setingi za kompyuta kabla Windows haijawaka), na usiiunganishe intaneti, Microsoft waliacha kuihudumia XP tangu Aprili 2014.

fundi_kkoo
Ni nzuri, lakini kwa mzee kufungua kompyuta ndani ya kompyuta kila asubuhi ni usumbufu wa bure. Hiyo ningeiacha kwa programu za bit 16, zile za kale zaidi za enzi za DOS na Windows 3.1, ambazo Windows 11 haizifungui kabisa hata ubadili setingi zote. Yake inafunguka. Ile mashine ya zamani itoeni data sasa hivi, kwa umeme wetu huu wa kukatika katika haina siku nyingi.

muuza_spea
Nimeihamisha, dogo anaona na mzee anasoma, asanteni sana. Imebaki printa, Epson ya risiti za karatasi mbili mbili, nimeiweka kwa USB, Windows inaiona ila programu inang'ang'ania LPT1, ile tundu ya printa ya kizamani.

fundi_kkoo
Ishee hiyo printa kwa jina fupi, mfano RISITI, halafu fungua cmd (dirisha la kuandika amri) uandike: net use LPT1 \\jinalakompyuta\RISITI /persistent:yes. Jina la kompyuta weka la kwako.