Tupeane uzoefu: mliolaza watoto njiti (waliozaliwa kabla ya wakati) Moshi na Arusha, nani aliwashika mkono?

Mama wa Pasua: Jana nimeenda kumwona mzazi hospitali, nikasikia ule mlio wa mashine za watoto, miguu ikaisha nguvu. Wangu alizaliwa na gramu 1,200, mpira puani, mimi nakamua maziwa usiku kucha. Wamama wa jumuiya walipangiana zamu, mtori ukawa unafika bado wa moto. Ila nisiyemsahau ni mama wa kitanda cha jirani. Mwanawe hakupona. Siku anaondoka alinikabidhi vitenge vyake vya kufungia mtoto kifuani, akasema, "Huyu wako avitumie." Sikuweza hata kumjibu. Dada, kama unasoma hapa, mtoto yupo darasa la pili.

Binti Kibosho: Nimelia mimi. Mungu amfariji popote alipo.

Baba Ngaramtoni: Mke wangu alipata kifafa cha mimba, akawa hajitambui. Wenzangu wa kijiwe cha bodaboda walichanga, wengine wakaenda kutoa damu bila kuombwa mara mbili. Nesi akanivua shati, akaniwekea mtoto kifuani.

Mzee wa Marangu: Mwanaume kubeba kichanga kifuani wodini? Kazi ya bibi hiyo.

Mkunga Mstaafu: Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo nakataa. Kangaruu, yaani huko kubeba kichanga kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Colombia, miaka ya 1970 mwishoni, kwa kuwa mashine za kuwapa joto hazikutosha. Shirika la Afya Duniani linataka saa 8 hadi 24 kwa siku. Mama aliyepasuliwa atazimaliza peke yake? Baba, bibi, shangazi, wote wapokezane.

Mzee wa Marangu: Marahaba. Bibi nimemtaja mwenyewe.

Mama Rombo: Mimi nilijifungulia ndani ya Noah ya abiria, tunakaribia Himo, mimba ya miezi saba. Abiria wanaume walishuka wote. Bibi mmoja wa Kimasai, hatujuani, alimfuta mtoto kwa kanga yake, akamlaza kwenye ngozi yangu, akanifunika na shuka lake. Mtoto halii. Bibi anampapasa mgongo, anaongea naye Kimasai. Akalia! Dereva alipita stendi bila kusimama, taa zinawaka, honi mpaka mlango wa hospitali. Nauli hakuchukua hata ya wale wengine.

Binti Kibosho: Jamani! Dereva ulimpata tena?

Mama Rombo: Ndiye baba wa ubatizo.

Dada Sakina: Ushauri wangu: wageni wasubiri nyumbani, leteni chakula getini, na mtoto asibusiwe.

Mama wa Pasua: Wasije? Mimi bila wageni ningechanganyikiwa. Wanawe mikono tu, waingie kuniona mimi.

Karani wa Kijenge: Mlioajiriwa, ulizeni nyongeza ya likizo ya uzazi. Ilitangazwa Mei Mosi 2024 hapa hapa Arusha, sheria ikabadilishwa 2025: mama wa njiti anaongezewa muda hadi zitimie wiki 40 za mimba.

Muuza Mitumba Memorial: Sisi wa sokoni likizo atupe nani? Nguo za mezani kwangu aliniuzia jirani, kila jioni analeta hela yote wodini. Huyo ndiye sheria yangu.

Mdogo Mtu: Samahanini, dada yangu kajifungua juzi, yuko hospitali ya KCMC, sisi kwetu Singida. Hana mtu Moshi.

Binti Kibosho: Nitumie jina la wodi. Anakula mtori wa nyama au mtupu?

Mama wa Pasua: Jumamosi ni mimi. Vitenge ninavyo.